Sauti ya Binti Mfalme

Fundi Kolda alikuwa na mikono mizuri. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani namchukia kwa ajili ya sura. Sura yake ilikuwa ya kawaida tu: pua ndefu, ndevu zilizoanza mvi, macho yasiyotulia juu ya mtu. Lakini mikono ile, ukiiona imeshika kikombe cha bia ungetaka kuitazama tena. Vidole virefu, vikavu, visivyo na haraka. Apolena aliiona kabla yangu, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Apolena alikuwa mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilimlea tangu ana miaka sita, hapa hapa kwenye nyumba yangu ya wageni, yenye baa chini, vyumba juu na ukumbi nyuma. Alikua mrefu, mwembamba, na roho nyeupe kiasi cha kuniudhi. Ungemwambia mbwa wa kasisi anaumwa jino, angempelekea supu. Kila Oktoba, juma la sikukuu ya kanisa letu, tunapochinja bata bukini na kuoka keki za plamu, Kolda alifika na gari lake la farasi, vikaragosi arobaini vya mti vya kuchezeshwa kwa nyuzi ndani ya masanduku mawili, na kibali chake chenye muhuri wa wilaya. Nilimpa ukumbi kwa wiki mbili. Jioni baada ya mchezo vikaragosi vilibaki vikining'inia nyuma ya pazia, na Apolena, tangu akiwa mdogo, alikwenda kuvifunika kwa magunia visipate baridi. Alipofika miaka ishirini bado alikuwa anavifunika.

"Wewe binti," Kolda alimwambia mwaka mmoja, baa imejaa watu, "na chungu cha kukojolea umewapelekea?"

Hapana, hakusema hivyo. Alisema vibaya zaidi, nami siandiki matusi. Watu walicheka mpaka bia ikamwagika. Apolena aliiva uso. Kisha Kolda akainama karibu naye, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa nyuma ya kaunta na masikio yangu ni mazima: "Leo yule mwenye kilemba usimsahau. Ana kifua."

Huyo ndiye Kolda. Anakupiga kwa mkono huu, anakupangusa kwa ule.

Sasa, kwa desturi ya hao watu wa vikaragosi, fundi ndiye husema sauti zote. Mfalme ni yeye, jambazi ni yeye, shetani ni yeye, na binti mfalme ni yeye pia, kwa sauti nyembamba ya puani. Maneno hayabadilishwi, baba humrithisha mwana kwa kinywa. Mke wa fundi hushona nguo na kupanga viti. Hasemi. Na sisi wa hapa tuna desturi yetu: tunajibizana na vikaragosi. Jambazi akiuliza binti kakimbilia wapi, ukumbi mzima unamdanganya. Si utovu wa adabu. Fundi akichezea ukumbi ulionyamaza anajua ameshindwa, na Hynek mhunzi ndiye bingwa wetu wa kurusha maneno.

Mwaka huo Kolda alikuja na mafua. Jumapili alasiri, mbele ya watoto na wazazi wao, binti mfalme alikuwa amepiga magoti mlimani akiomba kufichwa, na sauti ikakatika. Ilitoka kama mlango usiopakwa mafuta.

"Jamani, binti mfalme kaota ndevu!" Hynek akapiga kelele.

Ukumbi ukaangua kicheko. Kikaragosi kikabaki kimepiga magoti, kinatikisika kidogo, na nyuma ya pazia tukasikia kikohozi. Hapo ndipo Apolena, aliyekuwa amesimama karibu na jiko na sinia la vikombe mikononi, aliposema: "Ewe mlima, nifunike kwa mawe yako, maana kwetu wamenisahau."

Hakupaza sauti. Aliyasema kama anavyosema mtu maneno aliyoyajua tangu utotoni, akisahau kwamba wengine wanamsikia. Kicheko kikafa. Kikaragosi kikainua mkono polepole kufuata maneno yake. Wakaumaliza mchezo hivyo, yeye chini na sinia lake, Kolda juu na nyuzi zake. Mimi nilisimama na jagi la bia mkononi, machozi yananitoka kwa ajili ya kipande cha mti. Siku ile nilijivuna. Niliwatazama majirani kana kwamba sauti ile nimeitengeneza mimi jikoni.

Kolda alitoka nyuma ya pazia akiwa ameloa jasho.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, fundi. Nimesikia tu, kila mwaka."

"Mdogo wangu nilimchapa miaka saba ayakariri. Akayakosa, akakimbilia jeshini." Alimtazama Apolena, na safari hii macho yakatulia. "Na wewe ulikuwa unaosha vikombe."

Kuanzia hapo hakuondoka jikoni kwangu. Alileta kazi zake za kuchonga, akaketi karibu na jiko, Apolena akishona. Palikuwa na kikaragosi cha malkia kizee ambacho kiwiko chake kilikwama. Apolena alikishonea kitambaa cha kichwa, akawa anakisalimia kila asubuhi. Siku moja Kolda alikijaribu mara tatu. Mara ya tatu kiwiko kilipogoma, alifungua mlango wa jiko akakitupa ndani, na kitambaa chake.

"Mkono ukisema inua, inua," alisema. "Asiyeinua ni kuni."

Apolena alilia kwa kwikwi. Kolda akamsogelea, akamfuta machozi kwa kidole gumba, taratibu, jicho hili, kisha lile. "Nami naumia," akamwambia. "Ila mimi sina wa kunifuta." Na yule mtoto akaushika mkono ule uliochoma, akaubusu. Nilikuwa nakanda unga. Nilikanda mpaka ukawa mgumu, tukala hivyo hivyo.

Kesho yake tulikuwa tunanyonyoa bata.

"Polenka," nikamwambia, kama nilivyomwita tangu mdogo, "yule mtu mkatili."

"Anateseka, shangazi."

"Aliyeteseka ni yule wa kwenye jiko! Usinichekeshe. Unampendea nini, hebu niambie? Ana umri wa baba yako."

Alifikiri, manyoya yamemjaa kwenye nywele. "Akinitazama najiona nimechongwa vizuri."

Utamwambia nini mtoto wa namna hiyo? Nilimwambia anyonyoe. Kolda alikuja kumposa Novemba, akiwa na koti safi na bila dhihaka hata moja. Nilikataa. Apolena hakubishana, hakulia, alikonda tu. Januari niliwasindikiza mwenyewe mpaka kanisani kufunga ndoa, kwenye theluji. Na niseme haki: Kolda alimpenda. Nilimwona alivyomsaidia kupanda gari, alivyomfunika miguu kwa ngozi ya kondoo, akikunja pindo kwa pindo. Angekuwa hampendi ningejua la kufanya.

Oktoba iliyofuata niliwasikia kabla sijawaona, magurudumu kwenye mawe ya daraja. Nilitoka mbio na aproni yangu. Apolena alishuka akanikumbatia kwa nguvu, mpaka nikahisi mbavu zake.

"Mwanangu! Hebu nikuone. Mnakula nyinyi? Njoo ndani, keki bado ya moto. Mbona husemi?"

Alitabasamu. Akafungua mdomo kidogo, akanionyesha. Chini ya ulimi kulikuwa na kokwa la plamu.

"Anapumzisha sauti," Kolda alisema, akifungua hatamu. "Sauti ni kama nguo ya kanisani, mama Rozara. Ukiivaa zizini, Jumapili utavaa nini?"

"Anaongea lini basi?"

"Kwenye mchezo. Mwaka huu binti mfalme ni yeye. Mafundi wenzangu wamenicheka, wanasema nimeweka mwanamke nyuma ya pazia. Waje wasikilize, wataacha kucheka."

"Sikukuuliza wenzako. Nimeuliza anaongea lini na mimi."

Kolda alimtazama mkewe kwa upendo, hakika kwa upendo. "Asubuhi naliweka mwenyewe. Jioni nalitoa mwenyewe. Likiwa bado mahali pake nafurahi. Muulize kama nimemlazimisha."

Nilimuuliza. Apolena alitikisa kichwa, hapana, hajalazimishwa, macho yanang'aa. Siku nne alikaa nyumbani kwangu akiniosha vyombo, akinikumbatia, akila upande mmoja wa mdomo, wala hakutoa neno. Nilimsema, nilimbembeleza, nilimfinya hata mkono. Siku ya tatu nilimweka kitini jikoni, nikamwambia, "Litoe, mwanangu. Niambie tu habari za njiani, basi." Akalitoa, akalishika kiganjani. Midomo ikacheza. Akanitazama mikono, mmoja kisha mwingine, akisubiri kitu. Baadaye akalirudisha.

Hapo nilielewa kwamba jambo hili si la kokwa, nami nikaanza kuogopa. Nilimtaka arudi nyumbani, na nilimtaka arudi na mdomo wake.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kolda alikuwa amechonga binti mfalme mpya kwa mti mweupe laini, na uso ulikuwa wa Apolena, hata ile alama ndogo ya ndui karibu na sikio. Aliposema, watu waliacha kutafuna. Sauti ilikuwa yake lakini imesuguliwa, haina kikwazo wala pumzi, inatoka pale tu mkono wa mti unapoinuka na kukoma unaposhuka. Hata Hynek alivua kofia.

Binti mfalme alipopiga magoti mlimani nilisimama. Sikupanga. Nilikuwa benchi la mbele, nikasema kwa sauti, kama tunavyofanya hapa siku zote: "Wewe binti mfalme! Kwenu wanakuuliza, utarudi lini?"

Watoto wakacheka. Kwa desturi fundi lazima ajibu. Fundi akikosa jibu hapa hasahauliwi. Mkono wa mti ukainuka nusu.

"Nitarudi nikiruhusiwa," sauti ikasema.

Na papo hapo kichwa cha kikaragosi kikatikisika, hapana, hapana, kwa nguvu. Mdomo umesema hivi, kichwa kinasema vile. Ukumbi ukavunjika mbavu.

"Huyo ndiye mwanamke!" Hynek akapiga kelele, akipiga mapaja. "Kamili kabisa!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia nilichotaka: Apolena anataka kurudi, na Kolda anakataa.

Kesho yake asubuhi Kolda alimpeleka farasi kwa Hynek kubadilisha kiatu kimoja. Walikuwa waondoke siku ile ile, mapema kuliko kawaida. Hakunieleza sababu na sikuhitaji kuelezwa. Nilivuka ua nikapanda garini. Apolena alikuwa ameketi kwenye sanduku, anakunja magauni madogo. Binti mfalme alining'inia kwenye msumari. Nilimtoa, nikamshika kwa ile waya ya kichwani, nyuzi zikisokotana, maana mikono yangu imezoea jagi. Nikamwinua mkono.

Apolena alinyanyuka. Akatoa kokwa, akalifunga kwenye leso.

"Unataka kurudi nyumbani?" nikauliza.

"Nataka kurudi nyumbani," akasema.

Mungu wangu, nilivyofurahi! Nilimbusu kikaragosi, nilimbusu yeye. Nikasema tutashuka sasa hivi, hatuchukui hata kitambaa, nitamfungia Kolda mlango. Lakini moyo wa mtu una tamaa, nilitaka na hili pia. Nikamwinua binti mfalme mkono mara ya pili.

"Na humpendi tena?"

"Simpendi tena," akasema, kwa sauti ile ile tamu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

Nikauliza tena, kinyume. "Unampenda?"

"Nampenda."

"Sema shangazi yako mjinga."

"Shangazi yangu mjinga," akasema Apolena, na mkono wa mti uliposhuka akafunga mdomo.

Nilimtundika binti mfalme kwenye msumari wake. Vidole vyangu vilikuwa na mistari myekundu ya nyuzi. Nikamshika Apolena mashavu yote mawili. "Sema lako, mwanangu. Lako wewe. Hata ukisema nitoke, nitatoka. Lakini liwe lako." Alijitahidi, nilimwona, shingo ilikaza kama ya mtu anayebeba ndoo. Kisha akafungua leso, akaweka kokwa chini ya ulimi, akanisogezea kiti nikae.

Kolda alirudi na farasi. Alituona, akaona nyuzi zilivyovurugika, akajua. Hakugomba. Alipanda akaanza kuzitatua, uzi mmoja mmoja.

"Mchukue, mama," akasema bila kugeuka. "Sijamfunga. Mlango huu hauna hata kitasa."

"Aseme mwenyewe. Akisema namchukua."

"Vizuri. Aseme mwenyewe."

Tukasubiri, mimi huku na yeye huku, katikati Apolena na magauni yake. Nilijiona mwenye haki siku ile. Nilijiambia, nikimburuta kwa mkono nitakuwa Kolda mwingine mwenye aproni. Sitamchukua mtu asiyesema. Basi nikashuka. Kolda akafunga farasi, gari likapita daraja, naye Apolena alikuwa amegeuka nyuma akinipungia, na kitambaa cha rangi ya samawati nilichompa kichwani.

Upumbavu mtupu! Ningemburuta. Ningemburuta kwa nywele, nimweke karibu na jiko, asiseme mwaka, asiseme miaka mitano, anichukie. Angekuwa hai wa kunichukia.

Maana Oktoba iliyofuata gari lilikuja na mtu mmoja. Kolda alisimama mlangoni pangu, kofia mkononi. Mikono ilikuwa inazungusha ukingo wa kofia bila kukoma, mara ya kwanza naiona na haraka.

"Machi," akasema. "Kifua. Tulikuwa upande wa Moravia. Kasisi wa huko amempa mahali pazuri, karibu na ukuta."

Sikumkaribisha, na sikumfukuza. Aliendelea mwenyewe.

"Wiki ya mwisho nililitoa kokwa, nikalitupa. Nikapiga magoti, mama Rozara. Nikamwambia sema chochote, nitukane, niite baba yako, sema maji. Alinitazama mikono tu. Nikaificha nyuma ya mgongo. Akaitafuta kwa macho. Mpaka mwisho alikuwa anaitafuta."

Akalia. Nilimtazama akilia na sikusikia huruma hata chembe. Nilikwenda kaunta kuchukua ufagio nimtoe nao. Nilikuwa nimeushika tayari aliposema, "Anasema bado. Kwenye mchezo. Nimemsikiliza kila siku mwaka mzima, namjua pumzi kwa pumzi. Njoo usikie, kisha unifukuze."

Sikutaka kwenda. Jumapili alasiri nilikuwa benchi la mbele.

Hynek alikuwa nyuma yangu, na alikuwa amewaambia watu wote wakae kimya kwa heshima ya marehemu. Pazia likafunguka. Binti mfalme akatoka na uso wake mweupe, akapiga magoti, mkono ukainuka, na Apolena akasema. Si Kolda wa puani, Apolena. Hata namna alivyokuwa akimeza mate kabla ya neno refu. Mama mmoja alijikinga kwa ishara ya msalaba. Mimi nilijua ni nani aliyekuwa nyuma ya pazia. Nilijua ni yule mwenye pua ndefu, muuaji wa mtoto wangu, mwenye koo la kuiba. Nilijua, na bado nilisimama.

"Polenka," nikasema. "Umekula?"

Kikaragosi kiligeuza uso kikanielekea, taratibu.

"Nimekula, shangazi," akasema. "Wewe je?"

Wiki mbili zilipoisha Kolda alikuja kuaga, nikamuuliza kwa nini ana haraka, ukumbi hauna shughuli. Theluji imeshaanguka, naye bado yupo. Kila jioni namuuliza Polenka mambo madogomadogo, naye ananijibu.